Oili Nzito

Jasna Matulin aliponunua gari lenye injini ndogo ya tabo, baba yake alilizunguka mara mbili, akafungua boneti, akatazama, akafunga. Kisha akaingia ndani kunawa mikono, ingawa hakuwa amegusa kitu.

"Injini iko wapi?" aliuliza mezani.

"Si umeiona, Baba."

"Nimeona plastiki. Chini ya plastiki kuna kidude kama cherehani."

"Ni lita moja na nukta nne."

"Lita moja na nukta nne," Drago alimwambia mkewe Nevenka, kana kwamba Nevenka hakuwa amekaa hapo hapo akigawa supu ya maharage. "Hiyo sufuria uliyoshika inabeba zaidi."

"Inatoa kilowati mia na kumi," alisema Jasna. "Lako la lita nne linatoa ngapi?"

"Mia na ishirini. Na haliombi msaada wa feni."

"Tabo si feni. Moshi unaotoka unazungusha gurudumu dogo, na gurudumu linasukuma hewa kwenye silinda. Basi."

"Linazunguka mara ngapi?"

"Kwa dakika? Kama laki mbili hivi."

Drago aliweka kijiko chini. "Laki mbili. Hakuna kiumbe cha Mungu kinachozunguka mara laki mbili kwa dakika kikafika uzeeni."

Alikuwa na haki ya kusema, au walau mtaa mzima wa Bell Park ulimpa haki hiyo. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda cha injini pale mjini Geelong, kumi na miwili ya mwisho katika chumba cha majaribio, mpaka siku kiwanda kilipofungwa na kila mtu akapewa keki. Hadi leo wazee wenzake walimletea magari yao Jumamosi asubuhi. Drago aliweka ncha ya bisibisi juu ya injini, mpini sikioni, akafumba macho, akataja ugonjwa. Mara nyingi alipatia. Alipokosea, hakuna aliyekumbuka.

Jasna hakununua gari lile kwa ajili ya kubishana. Alikuwa muuguzi wa wagonjwa wa majumbani. Kila siku alizunguka Inverleigh, Winchelsea, Birregurra na mashamba yaliyo katikati, kilomita mia mbili na ushee, akifunga vidonda na kutia dawa. Mkataba wake ulisema gari ni lako, na liwe zima.

*

Aprili, miezi tisa tangu alinunue, taa ya oili iliwaka. Jasna alilipeleka gari karakana ya pale pale aliponunulia, na fundi aliyelihudumia, Mfilipino mpole aitwaye Rogelio, akamweleza asishtuke. Injini ndogo zenye tabo, alisema, hunywa oili kidogo. Kitabu kinaruhusu nusu lita kwa kilomita elfu. Apime kila baada ya wiki mbili, aongeze ile ile iliyoandikwa kitabuni, nyembamba, wala asiweke nyingine.

"Kawaida?" alisema Drago jioni ile. "Kunywa oili ni kawaida? Mimi nikinywa nusu lita ya pombe ya plamu kila wiki, daktari ataniambia ni kawaida?"

"Mbona unainywa," alisema Nevenka.

"Usiharibu hoja."

Jumapili iliyofuata, Jasna akiwa amelala baada ya wiki ya zamu ndefu, Drago aliliingiza gari gereji, akaliinua kwa jeki, akafungua nati ya chini. Oili iliyotoka ilikuwa nyepesi kiasi kwamba ilimfanya acheke peke yake. Maji ya kuoshea vyombo, alifikiri. Nevenka alitokea mlangoni na kikombe cha kahawa.

"Amekuomba?"

"Akiamka atakuta imekwisha."

"Sikuuliza itakwisha lini. Nimeuliza kama amekuomba."

"Nevenka, mtu anaona mtoto wake anaendesha cherehani inayokunywa oili, na yeye ana dumu la lita ishirini la oili nzito, ya kiume. Afanye nini? Amwombe ruhusa?"

"Ndiyo," alisema Nevenka, akaweka kikombe juu ya benchi, akarudi ndani.

Drago alijaza oili yake, ile wanayoiita ishirini-hamsini, aliyoitumia maisha yake yote. Kitabu kilisema sifuri-ishirini, ile nyembamba. Alikuwa amekisoma. Aliona kuwa waliokiandika walikuwa wanauza oili.

Na ajabu ni kwamba injini iliacha kunywa. Mei yote, Juni yote, Jasna alipima na kukuta kijiti kimelowa mpaka alama ya juu. "Imepona yenyewe," alisema siku moja, naye Drago akaendelea kupaka siagi kwenye mkate. Alikuwa akingoja siku nzuri ya kumwambia. Siku nzuri ilikuwa karibu sana. Alitaka tu ifike miezi mitatu, ushahidi uwe mzito.

Julai baridi ilishuka, vioo vikawa vinaganda barafu alfajiri. Jasna alisema gari linapiga mluzi linapopanda mlima, kama birika linalokaribia kuchemka.

Drago alichukua bisibisi yake akasikiliza. Alisikia kitu. Alisikiliza tena muda mrefu kuliko kawaida.

"Tabo ndivyo zilivyo," alisema. "Zinapiga mluzi."

*

Jumatano, kilomita tisa baada ya Winchelsea, gari lilikosa nguvu mlimani. Jasna alikanyaga mafuta, likatoa sauti ya chuma kusaga chuma, na kwenye kioo cha nyuma barabara ikapotea ndani ya moshi wa bluu. Alilisogeza pembeni, likazimika.

Alikuwa anakwenda kwa Keith Hallam, mfugaji wa kondoo mwenye saratani iliyoingia mifupani. Chini ya ngozi ya Keith kulikuwa na sindano iliyounganishwa na pampu ndogo, inayomwaga dawa ya maumivu tone kwa tone mchana na usiku. Pampu hujazwa kila baada ya saa ishirini na nne. Ilikuwa inakwisha saa nne asubuhi. Dawa ya akiba iliyokuwa nyumbani ilitumika usiku uliotangulia, na akiba mpya ilikuwa katika mkoba wa Jasna, ndani ya kisanduku chenye kufuli, kwenye kiti cha pembeni cha gari lisilotembea.

Alipiga simu ofisini. Muuguzi mwingine wa karibu alikuwa Apollo Bay, upande wa pili wa milima. Alimpigia Glenys, mke wa Keith, akamwambia atachelewa kidogo. Hakujua kidogo ni kiasi gani. Magari mawili yalipita bila kusimama. Mwishowe lori la kubeba maziwa lilisimama, na dereva, aliyekuwa bado na mashamba mawili ya kupitia, alimwambia apande lakini maziwa hayasubiri.

Alifika saa sita na robo mchana.

Jioni alikula bila kuvua koti. Nevenka alikuwa amepika kabichi iliyofungwa nyama, na hakuna aliyesifu.

"Alikuwa anauma mto," alisema Jasna. "Mtu mzima, amekata masikio ya kondoo kuyatia alama maisha yake yote, anauma mto ili mkewe asisikie. Mkewe anasikia. Kamshika mkono. Kwa muda wa saa mbili na robo."

"Lakini ulifika," alisema Nevenka.

"Nilifika na lori la maziwa, Mama."

Drago aliukata mviringo wa kabichi vipande viwili, kisha vinne, kisha vinane. Hakula hata kimoja.

*

Ijumaa alikwenda na binti yake karakana. Jasna hakumwomba, alisema tu, "Twende, wewe unaelewa lugha yao." Msimamizi wa kaunta aliitwa Bronwyn, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni. Alimwita Rogelio. Rogelio alileta karatasi nyeupe, akadondosha juu yake matone mawili ya oili, moja kutoka chupa ya karakana, moja kutoka gari la Jasna. La kwanza lilienea taratibu, jepesi, rangi ya asali. La pili lilikaa pale pale kama lami.

"Hii si oili yetu," alisema Rogelio. "Ni nzito mno. Asubuhi ya baridi haipandi upesi kwenye tabo. Tabo inazunguka kavu, sekunde chache tu, lakini kila siku. Halafu hii hii ikipata joto inaganda ndani ya kijibomba chake, inakuwa makaa. Beringi zimekwisha. Vipande vimeingia kwenye injini."

"Kwa hiyo dhamana hailipi," alisema Bronwyn. "Pole sana. Kama umeweka oili nyingine..."

"Sijaweka," alisema Jasna. "Nimeleta gari hapa kila huduma. Aliyeligusa mara ya mwisho ni huyu."

Rogelio alimtazama. "Dada, mimi niliweka sifuri-ishirini. Nakumbuka. Nilikuonyesha chupa."

"Basi unasema uongo."

"Sisemi uongo."

"Oili imeingiaje, imeruka ukuta? Unasema uongo, na kuna mtu ameteseka kwa ajili ya uongo wako."

Ukutani kulikuwa na bango la matairi, nunua matatu upate la nne bure. Drago alilisoma lote, mpaka herufi ndogo za chini kabisa, mpaka tarehe ya mwisho wa ofa.

"Mzee," Bronwyn alimgeukia, "hakuna mtu nyumbani aliyeongeza oili? Hata kwa nia njema?"

"Baba yangu amefanya kazi ya injini miaka thelathini na moja," alisema Jasna. "Unadhani hajui oili?"

Drago alikohoa. Watu wote watatu walimngoja amalize kukohoa. Alipomaliza, alilirudia bango tangu mwanzo.

Bronwyn alivaa miwani, akaandika. Alisema oili itapelekwa maabara. Alisema pia, kwa sauti ya chini lakini si chini vya kutosha, kwamba Rogelio akae nyumbani mpaka majibu yarudi, ni utaratibu tu, halaumiwi mtu. Rogelio alikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akaenda kuchukua jaketi lake.

*

"Utamwambia lini?" aliuliza Nevenka. Ilikuwa Jumapili, Jasna ametoka, na kwenye televisheni timu ya Geelong ilikuwa inafungwa.

"Kumwambia nani nini?"

"Drago."

"Maabara haitajua ni nani. Itasema oili ni nzito, basi. Karakana kubwa kama ile ina bima."

"Na yule fundi ana bima?"

Drago aliongeza sauti ya televisheni. Nevenka alisimama mbele ya skrini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika ndoa ya miaka arobaini, hata kwa ajili ya moto.

"Sikusikitishwa na oili," alisema. "Ungeweza kukosea oili. Mluzi uliusikia. Uliweka bisibisi sikioni, mimi nilikuwa dirishani nakutazama uso. Ulijua siku ile."

"Sikujua. Nilidhani."

"Ulidhani nini?"

Mchezo uliisha na hakuna aliyejua matokeo.

*

Jumatatu asubuhi Drago alinyoa ndevu, akavaa suti ya misibani, akaenda karakana na dumu lake. Kaunta ilikuwa na foleni ya watu watano. Akapewa karatasi yenye namba, akakaa kwenye kiti chini ya bango la matairi, dumu miguuni, kama mtu aliyeleta mkojo wa kupimwa. Bronwyn alimwona, lakini namba ni namba. Alingoja dakika arobaini.

"Oili ni hii," alisema zamu yake ilipofika. Aliliinua dumu akaliweka juu ya kaunta. "Niliiweka mimi. Jumapili, mwezi wa nne. Binti yangu hajui."

Nyuma yake mtu aliyekuwa anapiga simu aliacha kuongea.

Bronwyn hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimpa fomu. Mahali palipoandikwa "sababu", Drago alishika kalamu muda mrefu, kisha akaandika: *Nilifikiri najua zaidi.* Bronwyn aliisoma, akauliza kama anataka kuandika kitu cha kitaalamu zaidi. Alisema hapana. Kisha alimsikia akimpigia simu Rogelio aje kazini, na papo hapo, kabla Drago hajafika mlangoni, akimpigia Jasna.

Drago angeweza kuondoka. Alikaa ndani ya gari lake mpaka Rogelio alipofika, akashuka.

"Nilikuwa pale Ijumaa," alisema.

"Najua. Nilikuona."

"Ungesema ni mimi."

"Sikuwa na uhakika," alisema Rogelio. "Wewe huwa na uhakika, mzee. Mimi napima kwanza." Alifunga zipu ya jaketi mpaka kidevuni. "Siku tatu mke wangu ananiuliza nimefanya nini. Namwambia sijafanya kitu. Mtu akisema sijafanya kitu mara nyingi, anaanza kusikika kama amefanya."

"Naomba radhi."

"Sawa," alisema Rogelio. Hakusema amesamehe, alisema sawa, akaingia kazini.

*

Jasna alirudi jioni na gari la kuazima la ofisi ambalo lilitakiwa kurudishwa kesho yake. Alisimama katikati ya jiko.

"Nilimwita mtu mwongo, Baba. Mbele ya watu, na wewe umesimama pembeni yangu unasoma bango la matairi."

"Ndiyo."

"Halafu nikakutetea."

"Ndiyo."

"Sema kitu kingine!"

Drago alijaribu kusema kwamba injini ilikuwa inakunywa oili, kwamba iliacha kunywa, kwamba kwa miezi miwili na nusu alikuwa amepatia. Alianza mara mbili. Akasema, "Nitatoa pesa ya tabo na injini. Dola elfu sita na mia nne. Nimeshauliza."

"Na Keith nitampelekea dola ngapi?"

Nevenka alizima jiko. Hakukuwa na kitu kinachoiva.

"Gari litakaa wiki tatu," alisema Jasna baadaye, akiwa amekwisha kulia na kunawa. "Gari la ofisi nalirudisha kesho. Utaniendesha."

"Wapi?"

"Kote."

*

Kwa hiyo gari la lita nne, mali ya mtu aliyelisifu miaka ishirini, lilianza kwenda Inverleigh, Winchelsea na Birregurra. Lilikula petroli kiasi kwamba Drago aliacha kutazama mshale. Jasna alikaa kiti cha nyuma, na mikoba yake, akisema kushoto, kulia, hapa. Nyumba nyingi alingoja nje. Hakuna aliyemletea kahawa na hakuitarajia.

Kwa Hallam alikaa getini siku mbili. Siku ya tatu alishuka, akavua kofia, akagonga mlango wa jikoni. Glenys alifungua, mwanamke mwembamba mwenye sweta ya sufu iliyotoboka viwiko.

"Mimi ni baba yake Jasna," alisema. "Siku ile gari liliharibika, niliyeliharibu ni mimi. Niliweka oili isiyofaa. Nilionywa na kitabu, na nilisikia injini ikilia, nikanyamaza."

Glenys alimtazama, kisha akatazama ndani, ambako mlango wa chumba ulikuwa wazi.

"Nani huyo?" sauti ilitoka chumbani, kavu.

"Ni dereva."

"Nimesikia. Mwambie aingie."

Jasna alikuwa ameinama juu ya pampu. Alipomwona baba yake mlangoni alirudi kwenye kazi yake. Keith Hallam alikuwa amebaki macho na mikono, mikono mikubwa isiyolingana na mtu aliyekuwa nayo.

"Oili gani?" aliuliza.

"Ishirini-hamsini."

"Kitabu kinasema ngapi?"

"Sifuri-ishirini."

Keith alifikiri. "Sifuri-ishirini ni maji."

"Ndivyo nilivyosema."

"Hata mimi ningeweka ishirini-hamsini," alisema Keith, na kifua chake kikaanza kutikisika. Jasna aliruka kumshika, akidhani ni maumivu. Ilikuwa kicheko. Kilimchosha, akafumba macho, na kilipokwisha alikuwa amelala.

Glenys alimsindikiza Drago mpaka kizingitini. Upepo wa Julai ulikuwa unalaza majani malishoni, na kondoo wamegeuzia upepo migongo.

"Yeye angeiweka," alisema. "Ni kweli. Ameharibu matrekta mawili hivyo hivyo."

Drago alianza kutabasamu.

"Lakini siku ile aliyekuwa ameshikwa mkono ni yeye, na aliyeshika ni mimi," alisema Glenys. "Alinivunja kidole hiki. Tazama. Sijamwambia, na wewe usimwambie." Alirudisha mkono mfukoni. "Kwa hiyo akikusamehe yeye, shukuru. Mimi bado."

"Ndiyo, mama," alisema Drago, ingawa alimzidi umri.

"Kesho ni saa nne kamili."

"Saa nne kamili."

Njiani kurudi, karibu na Winchelsea, Jasna aliomba asimamishe, akashuka, akahamia kiti cha mbele. Alisema nyuma kunamtia kichefuchefu.

Kesho yake walifika kwa Hallam saa tatu na dakika thelathini na tano. Drago alizima injini. Walikaa getini, vioo vikiingia ukungu kwa pumzi zao, yeye akiangalia saa ya mkononi, mpaka mshale ulipokaribia saa nne, ndipo akamfungulia binti yake mlango na kumbebea mkoba.